Nilikuwa Bado Msichana

Watu wa kwetu wakisikia mtu amepona kansa wanataka ushuhuda, basi. Unasimama mbele ya kanisa, unasema Bwana asifiwe, unaeleza vile madaktari walikata tamaa na vile Mungu alikataa kukata tamaa, kisha unakaa chini. Mimi nilisimama nikiwa na miaka ishirini na tatu, nimefunga kitambaa cha mama kichwani, katika kanisa letu la mabati huko Landless, Thika. Watu walilia hadi mchungaji akaomba kwaya iimbe ili tupumue kidogo. Mama alicheza kutoka viti vya nyuma hadi madhabahuni, na mama yangu si mtu wa kucheza. Kuanzia hapo kila mtu alijua nimepona, na aliyepona haulizwi kitu.

Nilikuwa nimeanza na uvimbe shingoni, chini ya sikio, nikiwa chuoni nikisomea mambo ya mifugo. Kwanza waliniambia ni meno. Halafu wakasema ni TB, nikameza dawa za TB hadi mkojo ukageuka rangi ya machungwa, na uvimbe ukazidi kukua. Ilipojulikana ni kansa ya tezi za limfu nilikuwa nimebaki mifupa na macho, na katika ile hospitali kubwa nilikopelekwa tatizo la kwanza lilikuwa wanilaze wapi. Wodi ya watoto ilikuwa imechorwa twiga na sungura ukutani, na mimi nilikuwa na kitambulisho na kura nilikuwa nimepiga. Wakanilaza na wanawake wazima, katikati ya macucu wawili, bibi wazee kabisa. Walikuwa wazuri, walinipa ndizi zao, lakini hadithi zao zilikuwa za wajukuu na shamba na nani atazikwa upande gani wa boma. Mimi nilikuwa nikiwaza mtihani, na kijana mmoja wa darasa letu aliyekuwa ameacha kujibu meseji zangu.

Manesi waliniita mtoto wakitaka nile, na mama wakitaka nisonge. Madaktari walipofika kitandani waliniangalia shingo, halafu wakageuka wakaongea na mama yangu, na mimi nimelala hapo katikati yao. Siwalaumu. Hapana, nawalaumu. Mtu wa miaka ishirini na mbili si mtoto na si cucu, ni mtu ambaye maisha yake yote bado yako mbele, na hakuna kiti chake mahali popote katika hospitali hizi zetu.

Mama alinilea peke yake kwa kuuza viazi na mboga. Hakuzaa mwingine. Nilizaliwa kabla ya ndoa yoyote kufanyika, na ndoa yenyewe haikufanyika kamwe, kwa hivyo nilipewa jina la mama yake, na tangu nijue kuongea ameniita mami, kwa sababu kwetu aliyebeba jina la mtu ni yule mtu amerudi. Akiniambia niteke maji, anamwambia mama yake. Akinigombeza, huomba msamaha kwanza halafu ndiyo anagombeza. Na yeye alikuwa akingoja zamu yake. Nikizaa wasichana, wa kwanza angekuwa wa mama ya bwanangu, wa pili angekuwa yeye. Alipenda kunitania kwamba atakaporudi atakuwa mtoto wa kulialia sana ili nilipe usingizi wote nilimnyima. Hakuna mwingine wa kumrudisha, ni mimi tu.

Dawa zilifanya kazi. Hilo lazima niliseme, maana wako wengi ambao hazikuwafanyia, na mmoja wa wale macucu nilirudi wiki moja nikakuta kitanda chake kina mtu mwingine. Nilitapika, nikanyonyoka, nikarudi kuwa mtu. Kila nikienda kliniki walinibonyeza shingo, wakanibonyeza makwapa, wakasema safi kabisa, rudi tarehe fulani. Kwenye benchi nilikuwa nikikaa na wazee na fimbo zao, na mara zote kulikuwa na mmoja wa kuniuliza nimemleta nani.

Hedhi ilikatika wakati wa dawa. Waliniambia ni kawaida, itarudi. Ilikaa mwaka, haikurudi, na nitasema ukweli, sikuilia. Nilikuwa nimehamia Ruiru, nimepata kazi kwenye duka la dawa na vyakula vya mifugo pale Gitothua, na niliona ni shida moja imepungua. Halafu likaja joto. Mwezi wa saba, manyunyu, Ruiru nzima imevaa makoti na kofia za sufu, na mimi niko nyuma ya kaunta nikijipepea na kifuniko cha boksi la vifaranga, jasho likinitiririka mgongoni. Mama mmoja jirani, wa kuuza chai, alinicheka akasema nimeanza mambo ya wamama wa hamsini na sijaonja hata ya ishirini. Tulicheka wote. Mimi ndiyo nilicheka zaidi, mjinga mimi.

Nilienda kuuliza, msifikiri sikuenda. Kwenye kliniki ya kansa daktari aliniambia hiyo si yake, hiyo ni ya upande wa akina mama. Upande wa akina mama walianza kwa kuuliza kama nimeolewa. Nikasema bado. Nesi akaniandikia vidonge vya kuongeza damu, akasema ni mawazo, niache kuwaza sana, nikipata mtu nikatulia itarudi yenyewe, na isiporudi, nikishaolewa nije na bwana. Nikatoka na vidonge vyangu. Sikujua nimuulize nani tena, na kusema kweli nilikuwa nimechoka kuwa mgonjwa. Nilikuwa nimetoa ushuhuda. Ukishasimama mbele ya watu ukasema umepona, kurudi kuwaambia kuna kitu hakiko sawa ni kama kumrudishia Mungu zawadi.

Mwanaume wangu nilimjua alipokuja dukani kurekebisha tangi la maji. Ni fundi wa mabomba, mtu wa upande wa Bungoma, anakaa kwenye ploti moja ya nyumba za kupanga Mwihoko ambayo watoto ni wengi kuliko milango. Aliniita daktari wa kuku. Alirudi siku nyingine kuangalia kama tangi linavuja, na halikuwa linavuja, halafu akarudi tena. Siku moja aliuliza kuhusu kovu la shingoni nikamwambia yote bila kupunguza, nikingoja uso wake ubadilike. Aliniangalia akasema, kwani ulikufa, si uko hapa. Nilimpenda kuanzia hapo, na sikujificha.

Jumapili nikienda kwake ningemkuta nje na watoto wa ploti, mmoja amemning'inia shingoni, mwingine anamtengenezea gari la waya. Majirani walimtania kwamba anafanya mazoezi. Ni kifungua mimba, baba yake alishafariki, na mama yake alikuwa akipiga simu kutoka nyumbani kila mara kuuliza yule msichana Mkikuyu anapika ugali inayosimama au inayolala. Nilisema naweza kupika ugali ya kujenga nyumba. Alicheka hadi simu ikakatika.

Aliposema watu wake wanataka kuja kwetu kujulikana na kuniposa, niliamua nijue kwanza. Nilienda kwa daktari mmoja mwanamke mjini Thika, nikamwambia nataka kupimwa kila kitu cha uzazi na asiniulize kama nimeolewa. Hakuniuliza. Alinipima damu, akaniangalia kwa ile mashine ya picha, akaniita baada ya siku chache, akavuta kiti akakaa upande wangu wa meza. Alisema dawa za kansa zilichoma ovari zangu, zimebaki kama za mwanamke aliyemaliza kuzaa kitambo. Alisema hawezi kuniahidi mtoto wa tumbo langu. Aliongea pia kuhusu mifupa na moyo, kwamba mtu wa umri wangu akikosa homoni za ovari mapema hivi anahitaji dawa na kuangaliwa kwa miaka mingi, na kwamba hayo yote yalifaa kuanza siku ile ile nilimaliza matibabu. Nilikuwa nasikia sauti yake tu. Halafu akauliza kitu kimoja ambacho nilikisikia vizuri.

"Kabla hawajakuanzishia dawa, hakuna mtu alikaa na wewe mkaongea juu ya kuzaa?"

Nikasema hakuna. Akasema kulikuwa na njia za kujaribu, hata kama hazina uhakika, na zingine zingehitaji kungoja kidogo tu. Akasema, mtu angekuuliza. Mtu alifaa kukuuliza.

Kesho yake nilienda kazini, ningefanya nini. Akaja mzee mmoja kununua dawa ya minyoo ya ng'ombe, nikamuuliza, kama ninavyowauliza wote, ng'ombe ana mimba? Kwa sababu kuna dawa ya minyoo ambayo ukimpa ng'ombe mimba ikiwa changa utamharibia ndama, na duka letu haliuzi hiyo dawa bila kuuliza. Mzee akafurahi, akasema mimi ni msichana makini, wengine wanauza tu. Nilimpa dawa inayofaa na chenji yake. Halafu nikaingia stoo, nikakaa juu ya gunia la chakula cha ng'ombe, nikalia hadi bosi akaja kuona kama kuna nyoka.

Jumamosi iliyofuata nilifika kwa mama. Alikuwa ameazima vikombe kwa majirani wote wa Landless na alikuwa anaviosha uani kwa ajili ya wageni, amevipindua juu ya meza kwa mistari. Aliniambia, mami, kaa, umekonda. Nikamwambia nilichoambiwa. Nilitegemea apige kelele, akemee, aseme huyo daktari si Mungu. Aliendelea kuosha kikombe kimoja. Hakuniangalia, na hapo ndipo nikajua kuna kitu anajua.

"Waliniuliza," akasema.

Nikamuuliza nani aliuliza, na aliuliza nini. Akasema ni yule daktari kijana, wa miwani, siku moja kabla nianzishiwe dawa. Alimwita kwenye korido. Alimwambia dawa zinaweza kuharibu uzazi, akauliza kama mimi ningetaka watoto baadaye, akasema angependa kuniuliza mwenyewe kwa sababu mimi ni mtu mzima.

"Nikamwambia wewe bado ni msichana. Hayo ni ya walioolewa. Nilimkataza akuulize, mami. Ningekaaje hapo, kijana mwanaume anakuuliza mambo ya tumbo, na mimi mama yako nasikiza? Nikamwambia atibu shingo."

Nilimwambia nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Akasema anajua, ni yeye alinizaa. Akasema alifikiri wakianza maneno ya watoto watachelewesha dawa na mimi nife, na aliyekufa anazaa nini. Akasema hakujua ni jambo kubwa, daktari mwenyewe aliliongea kwa haraka, alikuwa na wagonjwa wengine, na alipokatazwa hakurudi tena. Kumbe hivyo tu. Watu wawili kwenye korido, mmoja ana aibu na mwingine ana haraka, na mimi niko kitandani hatua chache kutoka hapo, macho wazi, nakula ndizi ya cucu.

Ninamjua mama yangu. Ningekuwa msichana wake tena kesho, na angenikinga hivyo hivyo, kwa sababu kwetu mama anayeongea mambo ya uzazi na msichana ambaye hajatolewa mahari ni kama anamtuma akayatafute. Naelewa yote. Lakini hasira ilinipanda hadi nikaona vikombe vyote viwili viwili, na nikamwambia neno ambalo kwetu mtu hamwambii mzazi wake.

"Basi na wewe hutazaliwa."

Akakaa chini, hapo hapo kwenye simiti yenye maji. Hakulia. Alivuta leso yake akafunika magoti kana kwamba kuna mgeni. Mimi nikamaliza kuosha vile vikombe vilivyobaki, kwa sababu vilikuwa vya watu.

Fundi wangu nilimwambia Jumapili, Mwihoko, nje ya mlango wake. Alikuwa anasugua viatu atakavyovaa siku ya kuja kwetu. Nilimwambia kila kitu, hadi korido, hadi homoni. Watoto walikuja kumvuta shati akawaambia waende wacheze, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. Halafu akasema tusiwaambie wazee. Tukishaoana yatakuwa mambo yetu, watu siku hizi wanachukua watoto wa kulea, na Mungu naye yuko. Nikamuuliza, na mama yako? Akasema mama atazoea. Nilitaka kumwamini hata nikamwamini. Kiatu kilikuwa kimeng'aa kitambo na alikuwa bado anakisugua.

Siku ilipofika, watu wake walikuja asubuhi, wamekodi gari, mama yake mbele akiwa amevaa kitenge kipya. Mjomba wangu, kaka ya mama, ndiye alikuwa baba yangu siku hiyo. Watu walisalimiana, wakaombeana, wakala. Mama yake, mkwe wangu mtarajiwa, alinishika mikono miwili, akanitazama kutoka kichwa hadi kiunoni, akatulia hapo kiunoni, akageuka kwa mama yangu akasema, "Huyu atanirudishia mzee wangu." Kumbe na kwao pia wafu hurudi kwa majina. Mama yangu aliangalia chini. Akasema Mungu akipenda. Nilimwonea huruma kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya vikombe, na bado nilikuwa na hasira.

Kwetu kuna jambo ambalo lazima lifanywe kabla ya wazee kupokea chochote cha mgeni. Zamani ilikuwa pombe ya kienyeji. Sisi tumeokoka, kwa hivyo ilikuwa kreti za soda na uji wa kuchachua kwenye kibuyu. Msichana anaitwa mbele ya watu wote na anaulizwa kama wanywe, maana wakinywa amekubali kuolewa. Hakuna mzazi anayeruhusiwa kumjibia. Niliitwa nikasimama katikati ya hema, na mjomba akainuka na glasi yake.

"Sisi hatunywi cha mtu kabla ya kumuuliza mwenyewe," akasema. "Hawa watu wamekuja kwa ajili yako. Tunywe, au tusinywe? Na ukisema tunywe, usije kesho ukatutapisha."

Watu wakacheka kidogo, kama kawaida, kwa sababu jibu linajulikana. Msichana huinamisha uso, husema kunyweni, wanawake hupiga vigelegele. Vigelegele vilikuwa tayari vinywani. Niliangalia yule mama wa Bungoma. Alikuwa amefunga macho, midomo inacheza, anaomba, na nilijua anaombea nini. Nikawaza nikimpa huyu mwanamke soda ya leo, atangoja mwaka mmoja, atangoja miwili, halafu ataanza kuniangalia kiunoni kwa namna nyingine. Atakaa akingoja mzee wake, na mimi nikijua.

"Msinywe," nikasema.

Mjomba alifikiri nimekosea, akatabasamu, akasema wasichana wa siku hizi wana utani. Lakini mila inasema aulize mara ya pili kabla ya kukubali jibu, na alijua hivyo, akakohoa kwanza.

Nitasema kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Nilisema msinywe kwa sababu ya mama yake, ndiyo, lakini pia nilikuwa nangoja. Fundi wangu alikuwa amekaa na vijana wenzake mstari wa pili, viatu vinang'aa. Alikuwa anajua kila kitu. Ni yeye alisema yatakuwa mambo yetu. Nilitaka ainuke tu. Asingehitaji hata kueleza. Angesema mbele ya wazee, mjomba, nipe nafasi niongee na yeye kidogo, au angeita tu jina langu, na ningewaambia wanywe hadi wamalize kreti zote.

Mjomba akauliza mara ya pili, polepole, tunywe au tusinywe. Sikumwangalia mjomba. Nilimwangalia yeye, kwa muda ambao msichana haruhusiwi kumwangalia mwanaume mbele ya wazee, hadi mke wa mjomba akanivuta leso. Mabega ya fundi wangu yalikuwa yamekaa juu tangu asubuhi, nilikuwa nimeona hata akila. Yakashuka. Akatoa pumzi ndefu kwa mdomo, na akainamisha kichwa haraka ili nisione, lakini nilikuwa nimeona. Alikuwa amepumzika, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Nikamwambia mjomba hapana, msinywe.